Mtoto wangu kaambiwa "uwezo wake wa kufikiri uko chini" baada ya mtihani wa kompyuta. Wanaojua vipimo hivi, naombeni msaada

#1 Bint Rufiji (mleta mada)

Habari za jioni wanajukwaa. Walionizidi umri, shikamooni.

Leo ni siku ya tatu nina jambo moyoni, nimeona nisilale nalo tena.

Nina mtoto wa kiume, miaka 9, yuko darasa la nne shule ya msingi ya serikali hapa hapa Dar. Tangu darasa la awali amesoma kwa Kiswahili. Kiingereza kwake ni somo kama masomo mengine. Mwaka huu baba yake kapata ajira inayolipia watoto ada, na wenzake kazini wakamshauri tumhamishie shule binafsi inayofuata mtaala wa Uingereza. Tukajaza fomu, tukalipia, tukapangiwa siku ya mtihani wa kujiunga. Sisi akili yetu ikatutuma ni hesabu na Kiingereza, nikamkalisha wiki mbili na daftari.

Siku ya siku, watoto kama ishirini wakaingizwa chumba cha kompyuta, wazazi tukabaki nje kwenye viti. Baada ya muda wa saa mbili kasoro wakatoka. Wiki iliyofuata tukaitwa. Dada wa udahili akatukabidhi karatasi yenye namba moja tu: 88. Akasema, na mtoto amekaa katikati yetu, "Huu siyo mtihani wa darasani, huu unapima akili yenyewe. Uwezo wake wa kufikiri uko chini kwa kiwango chetu." Mtoto akainamia viatu vyake. Kwenye daladala hakuongea mpaka tumepita vituo vinne, ndipo akaniuliza, "Mama, akili ikiwa ndogo, huwa inakua?"

Usiku nikamwomba anisimulie kila alichokumbuka. Kwanza, ile mausi ya kompyuta ilikuwa mara yake ya kwanza kuishika. Yeye anajua simu yangu. Swali la kwanza aligusa kioo kwa kidole, hakikusogea kitu. Akaona aibu kuuliza, akawa anamchungulia mwenzake wa pembeni anafanyaje, na saa iliyoko juu ya kioo inakimbia.

Pili, akasema kulikuwa na picha ya karatasi inayokunjwa, inatobolewa, halafu unachagua ikikunjuliwa itaonekanaje. "Sikuelewa ile karatasi inafanya nini, mama. Nikawa nabonyeza tu."

Mimi ni fundi cherehani. Nikachukua gazeti ninalokatia patani, nikalikunja mara mbili, nikalitoboa kwa ncha ya mkasi. Nikamwuliza, nikilifungua yatakuwa matundu mangapi na yatakaa wapi? Hakusubiri hata nimalize. "Manne. Mawili huku, mawili kule, yanatazamana." Nikafungua, ikawa vilevile.

Ndugu zangu, Jumamosi mtoto huyu ndiye anayenishikia kitambaa. Anajua ukikunja kitenge mara mbili, ukakata kwenye kona ya mkunjo, ukifungua unapata shingo ya duara. Mwezi uliopita alinizuia mkasi ukiwa tayari juu ya nguo ya mteja: "Mama, hapo umeshika upande wa wazi, utatoa vipande viwili." Na alikuwa sahihi. Ningelipa kitenge cha watu.

Naomba kujua: hiyo 88 ni nini? Ni kweli kuna mtihani unaopima akili yenyewe? Na mimi kama mzazi nina haki ya kuuliza nini pale shuleni? Jina la shule siliweki, na naomba msinibane nilitaje. Natanguliza shukrani.

#2 Mzee wa Chaki

Marahaba mwanangu, na pole sana.

Nimefundisha shule za msingi miaka 34, Morogoro na Dodoma. Kabla hawajaja wataalamu wa namba, nina neno moja la mapema. Usiku huu huu, kabla mtoto hajalala, jibu lile swali lake la kwenye daladala. Mwambie inakua, na mwonyeshe. Mwekee lile gazeti tena, safari hii likunje mara tatu. Nimeona watoto wengi waliobeba neno moja la mtu mzima mpaka darasa la saba, kila akinyoosha mkono anaukumbuka ule usemi, anaushusha.

Na kumwambia mzazi matokeo mbele ya mtoto ni kosa, hata angekuwa wa kwanza.

#3 Saikolojia255

Dada Bint Rufiji, pole. Nimesomea saikolojia ya elimu na vipimo hivi navifanyia kazi, ngoja nianze na hiyo namba.

Vipimo vya namna hii karibu vyote vimejengwa hivi: wastani ni 100, na alama zinatawanyika kwa hatua za 15. Thuluthi mbili hivi ya watoto wanaangukia kati ya 85 na 115. Anayefika 130 ni kama wawili katika mia. Kwa hiyo 88 maana yake, ukichukua watoto 100 wa umri wa mwanao katika kundi lililotumika kutengenezea kipimo, kama 20 hivi wana alama yake au chini yake. Iko ndani ya kawaida, upande wa chini. Shule inaweza kuwa na kiwango chake cha juu zaidi, hiyo ni haki yake. Ila 88 kuitwa "uwezo wa kufikiri uko chini" bila maelezo mengine, hapana.

Halafu hakuna kipimo kisicho na kosa. Mtoto yuleyule akirudia wiki ijayo anaweza kupata alama kadhaa juu au chini. Ndiyo maana ripoti iliyoandikwa vizuri haitoi namba moja, inatoa "kati ya hapa na hapa".

Lakini swali kubwa ni hilo kundi. Watoto gani walitumika kupata huo wastani wa 100? Kipimo kinachotumika sana kwenye shule za mtaala wa Uingereza, hata za Afrika Mashariki, ni CAT4. Sijui kama ndicho alichofanya mwanao, natoa mfano tu. Kina sehemu nne: kufikiri kwa maneno, kwa namba, kwa maumbo, na kugeuza vitu kichwani. Viwango vyake vilijengwa kwa wanafunzi wa Uingereza. Kipimo kingine cha akili, WISC ya David Wechsler, anayofanya mwanasaikolojia na mtoto mmoja mmoja, miaka 6 hadi 16, ilijengewa viwango Marekani. Ukimweka mtoto wa Temeke aliyesoma kwa Kiswahili kwenye ngazi hiyo, umemlinganisha na mtoto aliyezaliwa ndani ya lugha ya mtihani.

Kwa hiyo kesho rudi ukawaombe vitu hivi: jina la kipimo, alama za kila sehemu peke yake, na lugha waliyotumia kutoa maelekezo. Hiyo 88 karibu hakika ni wastani wa sehemu kadhaa. Wastani unaficha mengi.

#4 Mlango wa Shule

Wakuu, nitatoa upande wa pili kwa nia njema. Nimewahi kukaa ofisi ya udahili ya shule binafsi, mikoani huko.

Hali ilivyo: nafasi arobaini, fomu zinaweza kuwa mara tano ya hizo. Tukipima Kiingereza na hesabu tu, wanaingia waliotoka shule za ada kubwa. Tukitumia ripoti za shule walizotoka, kila mwalimu mkuu anamwandikia mtoto vizuri. Tukisikiliza wazazi, simu hazikomi, huyu mtoto wa fulani, huyu katumwa na fulani. Mtihani wa kufikiri uliletwa kwa sababu ulionekana wa haki zaidi: haumuulizi mtoto alichofundishwa. Na kweli tumewahi kuwapata watoto ambao ripoti zao zilikuwa za kawaida, sehemu ya maumbo ikawaonyesha wako mbali. Mmoja alikuwa wa mama muuza samaki, akapata nafasi kwa kipimo hicho hicho.

Hivyo tusikitupe. Kwenye habari hii mimi naona waliokosea ni watu waliokisimamia: hawakumwonyesha mtoto mausi, hawakuhakikisha ameelewa mifano ya mwanzo, wametoa namba moja, na wamesema mbele yake.

#5 Bint Rufiji

Mzee wa Chaki, nimefanya. Mara tatu amesema matundu manane, akachora yanapokaa. Kamaliza akaniuliza mara nne ni mangapi, akajijibu mwenyewe kumi na sita. Ahsante sana, mzee wangu.

Mlango wa Shule, nimekuelewa na sikuchukii. Hilo la mama muuza samaki limenigusa. Lakini naomba unijibu kitu kimoja. Mtoto wangu alijua kukunja. Kitambaa anakijua, karatasi anaijua. Kilichomshinda ni kuielewa ile picha kwamba inasema "kunja". Sasa kipimo kilipima kipi? Kujua kukunja, au kuijua picha ya kukunja?

#6 Saikolojia255

Dada, hilo swali lako lina utafiti wake, naomba nafasi niandike kidogo.

Mwaka 1979 Robert Serpell, aliyekuwa akifanya kazi Zambia, alitoa matokeo ya kuwalinganisha watoto wa Zambia na wa Uingereza katika kuiga umbo unaloonyeshwa. Waliiga kwa kalamu na karatasi, kwa udongo, kwa mikao ya mikono, na kwa waya. Kwa kalamu na karatasi, wa Uingereza walikuwa mbele. Kwa waya, wa Zambia walikuwa mbele. Kwa udongo walilingana. Kazi ya akili ilikuwa moja, kuangalia umbo na kulitoa upya, ila mkono mmoja umezoea kalamu na mwingine umezoea waya. Sote humu tuliokulia uswahilini tunajua gari za waya: tairi la kandambili, usukani mrefu wa mti, na ukikunja usukani gurudumu la mbele linageuka. Mtoto wa miaka 8 anatengeneza kile bila mchoro. Mwanao kwa kitambaa ni habari hiyo hiyo.

Sasa la karibu na nyumbani zaidi. Robert Sternberg, Elena Grigorenko na wenzao walifanya utafiti kwenye shule za vijijini karibu na Bagamoyo, ukachapishwa mwaka 2002. Watoto walikuwa na miaka 11 hadi 13. Waliwapa vipimo vya kufikiri: kupanga kadi kwa kanuni usiyoambiwa, kutegua mantiki ya sentensi, na ule mchezo wa kuuliza maswali 20 mpaka ugundue kitu. Wakawapima mara ya kwanza kama wanavyopimwa watoto wote, bila msaada. Kisha 358 kati yao wakafundishwa kidogo, muda usiofika hata saa moja, namna ya kulikabili swali la aina hiyo: uanze wapi, uulize nini ili upunguze mengi kwa mara moja. Wengine 100 hawakufundishwa. Wakapimwa tena.

Waliofundishwa walipanda kuliko wasiofundishwa. Na kilichonifanya nisome karatasi ile mara mbili ni hiki: mpangilio wa watoto ulibadilika. Aliyekuwa chini mara ya kwanza hakuwa lazima chini mara ya pili. Alama ya kwanza ilikuwa inaficha watoto ambao shida yao haikuwa kufikiri, ilikuwa kutokuujua mchezo. Ukitaka kumjua mtoto, alama ya baada ya kufundishwa ilisema zaidi.

Wewe kwa gazeti na mkasi umefanya utafiti wa Bagamoyo mezani kwako, dakika mbili.

Na tusisahau chanzo cha vitu hivi. Alfred Binet na Théodore Simon walitoa kipimo chao cha kwanza Paris mwaka 1905, kwa sababu serikali ilitaka kuwatambua watoto wanaoshindwa kufuata darasa ili wapewe msaada. Kilikuwa cha kumfungulia mtoto mlango. Anayepima anakaa na mtoto, anazungumza naye, anaona anavyohangaika. Na Binet aliwapinga wazi waliosema akili ya mtu ni kiasi kisichoongezeka; alitunga hata mazoezi ya kuikuza. Alifariki 1911. Mwaka 1916 Lewis Terman wa Chuo Kikuu cha Stanford akatoa toleo la Marekani, na kwa mikono ya wengine kazi ya kuchuja watu ikazidi ile ya kusaidia.

#7 Jirani wa Ziwa (KE)

Hamjambo majirani. Niko Kisumu, nimesoma uzi huu wote na chai imepoa.

Huku kwetu hili lilituchosha zamani. Watoto wa miaka mitano wakipangwa foleni kufanya intavyu ya kuingia darasa la kwanza, mwingine amelala kwenye dawati. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ikakataza shule ya umma kumpima mtoto kwa ajili ya kumpokea, isipokuwa kama ni kumpanga darasa linalomfaa. Shule za kibinafsi zikabaki na mambo yao.

Huyo Sternberg ndugu yetu ametaja alifika hata Usenge, Siaya, kando ya ziwa. Matokeo yalitoka 2001. Waliwauliza watoto wa miaka 12 hadi 15 kuhusu dawa za miti: ugonjwa huu unatibiwa na mmea upi, unachemsha au unaponda, unakunywa kiasi gani. Kisha wakawapa pia vipimo vya kawaida vya shule. Watoto waliojua dawa zaidi walielekea kupata alama za chini kwenye msamiati wa Kiingereza. Wengine walishangaa, mimi sikushangaa. Kuna boma linalomlea mtoto kuelekea shuleni na kuna boma linalomlea kubaki na kujua mambo ya hapa. Saa za mtoto ni zilezile.

Wajaluo tuna maneno manne kwa kile mnachokiita akili. Rieko, ujuzi na werevu. Luoro, heshima. Winjo, kuelewa linalotakiwa kufanywa. Paro, kuwaza mbele na kuanzisha. Watafiti hao hao walipowaomba watu wa kijijini wawapime watoto kwa maneno hayo, ni rieko peke yake iliyokwenda pamoja na alama za shule. Kijana wako aliyesema "mama, usikate" alikuwa na winjo kabisa. Hakuna kisanduku cha winjo kwenye ile kompyuta.

Mwisho: jibu la "akili inakua" lipo hata kwa namba. Huko Embu watoto wa vijijini wa umri wa kuanza shule walipimwa 1984, na wengine wa umri huo huo wakapimwa 1998 kwa kipimo kilekile cha maumbo cha Raven. Ndani ya miaka 14 alama zilikuwa zimepanda sana. Damu ya watu haibadiliki kwa miaka 14. Watafiti walitaja wazazi kusoma zaidi, familia kuwa ndogo, na chakula na afya kuwa bora. Mwambie hivyo kijana.

#8 Kasuku wa Ughaibuni

Salaam kutoka Reading, Uingereza. Mimi mzaliwa wa Tanga, nina binti wa miaka 12 sasa.

Niwaambie kwa wenye vipimo hivi hali ikoje. Shule nyingi za binafsi zenye ushindani humu zinatumia mtihani wa awali wa kompyuta wa ISEB (bodi ya mitihani ya shule binafsi), mtoto akiwa na miaka 10 au 11: Kiingereza, hesabu, kufikiri kwa maneno, kufikiri kwa maumbo. Ukijibu vizuri maswali yanakuwa magumu, ukikosea yanashuka. Unafanya mara moja kwa mwaka na matokeo yanakwenda shule zote ulizoomba. Wazazi wanaambiwa mtihani hauhitaji maandalizi. Lakini kila mzazi niliyekutana naye getini alikuwa ameandaa. Vitabu vya mazoezi vinauzwa duka lolote. Mwanangu alipokuwa darasa la tatu, mwenzake alikuwa na mwalimu wa twisheni wa "kukunja karatasi" peke yake.

Kwa hiyo ile picha, dada, huku hakuna anayekutana nayo kwa mara ya kwanza siku ya mtihani.

Na New York walifika mbali zaidi. Kwa miaka mingi shule za binafsi zilitaka mtoto wa miaka minne apimwe kwa kipimo cha watoto wadogo cha Wechsler, watu walikiita ERB kwa jina la taasisi iliyokisimamia. Ikazuka biashara ya kuwafundisha watoto wa miaka minne maswali yenyewe, alama zikapanda mpaka zikapoteza maana. Mwaka 2013 umoja wa shule hizo ukatangaza kwamba hautakipendekeza tena. Shule hizo zina pesa na wataalamu, na bado zilikubali kwamba namba ile haiwaambii walichokuwa wanakitafuta.

#9 Baba Wawili

Nimeumia kusoma. Nami niseme ukweli wangu. Mwaka jana nilimlipia mwanangu twisheni ya mitihani hii miezi mitatu, alama zikapanda, akapata nafasi. Nilifurahi sana. Sasa najiuliza ile nafasi ilikuwa ya mtoto gani. Sijutii kumsaidia mwanangu, ila nikisikia "unapima akili yenyewe" najua si kweli, maana nimeinunua kwa risiti.

Bint Rufiji, ninayo mazoezi yote kwenye kompyuta, na mausi. Niko Mbagala. Nitumie ujumbe wa faragha, mtoto aje Jumapili mchana, mke wangu yupo nyumbani. Bure kabisa.

#10 Bint Rufiji

Siku sita zimepita, nimerudi na mrejesho. Baba Wawili, Mungu akulipe wewe na mke wako. Mtoto kashika mausi saa nzima, na karudi na ndizi.

Jumatatu nilikwenda shuleni peke yangu. Nikauliza yale matatu ya Saikolojia255. Jina la kipimo wamenipa. Maelekezo yalitolewa kwa Kiingereza tu, kwa spika za masikioni. Alama za kila sehemu mwanzo walisema ni za ndani, nikasema nitasubiri, nikakaa. Saa sita wakanichapia:

Maneno 79. Namba 102. Maumbo 91. Kugeuza vitu kichwani 80.

Nikamwuliza mtoto kuhusu ile ya maneno. Alikumbuka swali moja: walimpa maneno matatu achague la nne linaloendana nayo. Moja lilikuwa la zile glavu za watoto za baridi. Mtoto wa Dar, wanajukwaa. Nimemweleza ni kitu gani, akaniuliza zinashonwaje kidole gumba peke yake.

Ombi la kumpima tena wamekataa, kanuni yao ni mpaka mwaka upite. Walinijibu kwa adabu, siwezi kuwasema vibaya.

#11 Saikolojia255

Ahsante kwa kusubiri mpaka saa sita. Ungeondoka na 88 mkononi, ungeondoka na uongo.

Angalia 102 ya namba. Hiyo ni juu kidogo ya wastani wa watoto wa Uingereza, kwa maelekezo ya lugha ya pili na mausi ya siku ya kwanza. Namba zinajieleza zenyewe, hazihitaji Kiingereza kingi, hivyo ndipo alipopumua. Kati ya 102 na 79 kuna pointi 23. Pengo kubwa namna hiyo kati ya namba na maneno kwa mtoto anayepimwa kwa lugha asiyoizungumza nyumbani ni jambo la kwanza mpimaji anatakiwa kuliona, na likionekana wastani wa jumla hautakiwi kutumika peke yake. Ile 79 inakwambia Kiingereza chake kiko wapi leo. Ni habari ya kweli na ya maana, kwa sababu akiingia shule ya Kiingereza atahitaji msaada huo, usiupuuze. Ila siyo habari ya akili.

Ile 80 ya mwisho ndimo lilimo lile gazeti lako. Hiyo mimi nisingeithubutu kuitolea hukumu mpaka nimekaa naye mezani.

Mlango wa Shule, una neno?

#12 Mlango wa Shule

Ninalo. Kwa ripoti hiyo, mimi ningemwita mtoto tena, nikamweka na mwalimu wa hesabu nusu saa, kwa Kiswahili. 102 na 79 kwa mtoto aliyetoka shule ya Kiswahili ni mtoto wa kuzungumza naye. Nimekumbuka majina mawili matatu ambayo sikuyaita. Tuliangalia ile safu ya mwisho ya wastani kwa sababu mafaili yalikuwa mengi.

#13 Bint Rufiji

Wakuu, huu mrejesho wangu wa mwisho kwenye uzi huu, baada ya hapo wenye maswali tuzungumze kwa ujumbe.

Shule ile tumeachana nayo. Mzazi mwenzangu alituelekeza shule nyingine, ndogo zaidi, nayo ni ya Kiingereza, ada yake ni nusu. Nilikwenda na karatasi ya alama nne, sikuificha. Mwalimu mmoja mama wa makamo akaisoma, akaniomba akae na mtoto, na akasema naweza kubaki, nikae nyuma nisisaidie.

Dakika arobaini. Alimpa hesabu ya maneno kwa Kiingereza, mtoto akakwama. Akamwuliza ile ile kwa Kiswahili, akaifanya. Akamrudishia ya Kiingereza nyingine inayofanana, akamwonyesha maneno mawili tu pale penye ugumu, akamwacha. Akaipata. Ya tatu akaifanya bila kuonyeshwa. Mwalimu akaandika kitu kwenye daftari lake, hakusema alama, akamwuliza anapenda nini nyumbani. Kijana akaanza kumweleza namna ya kukata shingo ya duara, mwalimu akatoa karatasi ya A4 na mkasi kwenye droo, akamwambia nionyeshe.

Amepokelewa, ataanza Januari. Darasa lake lile lile, na saa nne kwa wiki za Kiingereza peke yake mpaka ashike.

Jana usiku ananisaidia kuokota vipande vya nguo chini, akaniuliza, "Mama, kule nikikosea wataniambia nilipokosea?" Nikamwambia ndiyo. Nilikuwa nimemwuliza mwalimu swali hilo hilo kabla sijalipa.